Mpimaji wa ultrasaundi akikaa kimya muda wote, ina maana kuna tatizo?

binti_wa_Igoma:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana tangu juzi hatulali. Mdogo wangu ana mimba ya wiki 21, ya mwaka jana iliharibika kwahiyo hii tunaiombea kila siku. Nimemsindikiza kupiga ultrasaundi hapa mjini, pa wapi sisemi. Tumefika saa mbili asubuhi akaambiwa anywe maji mengi asikojoe, tumekuja kuitwa saa tano mtoto wa watu anatetemeka kwa kubana mkojo. Kuingia, hakuna hata salamu, ni "panda kitandani, pandisha gauni". Jeli ya baridi kamwagiwa kashtuka, skrini imegeukia kule, mlango unafunguliwa mtu anaingia kuchukua faili na yeye tumbo liko wazi. Halafu kimya. Dakika 20 nzima yule kaka anabofya tu, sehemu ya chini akairudia mara tatu, akaita mwenzake wakanong'ona, mwisho akampa tishu "jifute msubiri nje". Majibu yametoka karatasi Kiingereza kitupu, nilichoambulia ni mapigo 148. Mdogo wangu amelia kwenye daladala mpaka Igoma. Hivi kile kimya maana yake nini? Na tungeuliza palepale ingekuwa kosa?

probu_na_jeli:
Dada pole sana, na mpe pole mdogo wako. Hiyo ndiyo kazi yangu, nina mwaka wa tisa sasa. Kwanza tulia, mapigo ya moyo wa mtoto tumboni huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, kwahiyo 148 ni mazuri kabisa.

Wiki hizo za 18 mpaka 22 tunaangalia kiungo kimoja kimoja: ubongo, uti wa mgongo, vyumba vinne vya moyo, figo, mikono na miguu, maji ya uzazi, kondo la nyuma limejishika wapi, na unapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja. Mtoto akilala vibaya unarudia na kurudia, na ukihesabu huku unaongea unakosea. Kumuita mwenzako nako ni uangalifu, mara nyingi ni kuhakikisha tu. Kwahiyo kimya chenyewe si ugonjwa.

Ila kumuacha mama kwenye kimya bila kumuandaa hilo ni kosa letu na linaniuma. Mimi kabla sijamgusa mtu namsalimia, namtajia jina langu, namuuliza lake nalinganisha na fomu, namwambia jeli itakuwa baridi na kwamba haya ni mawimbi ya sauti, si mionzi kama eksirei. Halafu namwambia "mama kuna muda nitanyamaza kama dakika kumi napima, usiogope, nikimaliza nakugeuzia skrini". Mlango nafunga, khanga inafunika kila nisipopima. Mimba ikiwa kubwa namwambia akisikia kizunguzungu aseme nimlaze ubavu wa kushoto, maana akilala chali mji wa mimba unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kuna bibi aliletwa toka visiwa vya huku ziwani Kiswahili kinampiga chenga, nilivyomsalimia tu kwa Kisukuma "mhola mayu" nikaona mabega yanashuka.

Nikiona kitu kibaya sisemi kila kitu kiko sawa. Nasema kuna sehemu nataka daktari aiangalie, na atakueleza leo hii kabla hujaondoka. Kuuliza ni haki yako kabisa.

mkuu_Buzuruga:
Nawaelewa ila tuwe wakweli, mpimaji ana foleni ya watu 50 na mashine moja, ataongea na wangapi?

probu_na_jeli:
Mkuu nimeshakaa kwenye hizo foleni. Yale maneno ni nusu dakika. Mgonjwa aliyeogopa anakaza tumbo, anashika pumzi, picha haitoki, hapo ndipo dakika zinapopotea.

Nansio_kwetu:
Mimi mwanaume ila yamenikuta. Nilikuwa napimwa ini kwa sababu ya kichocho, sisi wa ziwani tunakijua, kinaacha makovu kwenye ini na bandama inavimba. Niliambiwa nije bila kula, basi, sababu sikuambiwa. Nimeshuka melini na njaa yangu nikapiga chai ya maziwa na chapati, kufika nikarudishwa mpaka kesho. Kumbe ukila mfuko wa nyongo unajikunja hauonekani vizuri. Wangeniambia hivyo toka mwanzo ningevumilia tu, nisingelala mjini bila mpango.

mama_Pasiansi:
Wanawake wenzangu, niseme la kile kipimo cha kuingiza ukeni. Mimi hakuna aliyeniambia, nilidhani ni cha juu ya tumbo, ghafla naambiwa vua nguo ya ndani panua miguu, na mpimaji ni kijana. Nilitoka najiona nimedhalilishwa. Baadaye nesi mmoja ndiyo akanielewesha kwamba kile kinaona kizazi kwa karibu zaidi, kinavalishwa kondomu mpya kila mtu, hapo mkojo unatoa kwanza, na una haki ya kukataa au kuomba nesi wa kike asimame pembeni. Muulizeni kabla hamjapanda kitandani.

binti_wa_Igoma:
Nimerudi. Leo tumeenda kliniki na ile karatasi, daktari ametusomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Mtoto mzima, ila kondo limekaa chini karibu na mlango wa kizazi, tukapime tena wiki ya 32, na akiona damu hata kidogo twende hospitali hapohapo. Kumbe ndiyo ile sehemu aliyokuwa anairudia. Sentensi moja tu angetuambia!

probu_na_jeli:
Afadhali. Makondo mengi yanayoonekana chini wiki hizo yanapanda juu yenyewe mji wa mimba ukikua. Halafu kibofu kikijaa kupita kiasi kinabana chini, kondo linaweza kuonekana limeshuka kuliko lilivyo. Siku hiyo muombe mpimaji, mdogo wako akakojoe kwanza, halafu aangaliwe tena.

binti_wa_Igoma:
Asante kaka. Nimeiandika nyuma ya kadi yake ya kliniki.