Tupeane uzoefu: Lamu kutoka Nairobi, mpango wa siku hufuata maji

Mleta mada, Buruburu

Likizo za Desemba zikikaribia, swali la watu wa Nairobi huwa ni moja: chumba Lamu bei gani? Kwa maoni yangu hilo ndilo swali dogo kuliko yote. Kinachoamua kama utaiona Lamu au utashinda unazunguka gatini ni bahari: maji yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi, na upepo unaovuma ni upi. Naomba tuwekeane hapa mambo ya kutumika. Kila mmoja aandike anachokijua kwa hakika kuhusu njia, bahari, chakula na adabu za mji. Habari za vyumba tuwaachie wenye vyumba.

Naanza na njia. Ndege kutoka uwanja wa Wilson hutua Manda, kisiwa kinachotazamana na mji wa Lamu, kisha unavuka mkondo kwa boti. Ndege nyingi za njia hii ni ndogo na mara nyingi mzigo hauzidi kilo 15, kwa hiyo pima begi nyumbani. Chukua begi la kubeba mgongoni. Sanduku la magurudumu halina kazi kwenye ngazi za gati wala kwenye mchanga wa Shela, kijiji cha ufukweni jirani na mji wa Lamu.

Wa nchi kavu hupanda treni ya SGR mpaka Miritini, stesheni ya Mombasa. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu: mabasi ya Lamu huondoka Mombasa asubuhi na mapema, lakini treni ya asubuhi hufika mchana na ya alasiri hufika usiku. Ukizipanda hizo, lala Mombasa au Malindi. Treni ya usiku ndiyo inayokuwahisha, maana hufika kabla ya alfajiri.

Basi hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, kisha boti tena. Baada ya Garsen kuna vizuizi vya polisi, na kila mtu mzima huonyesha kitambulisho. Eneo hilo limewahi kushambuliwa na wanamgambo, kwa hiyo safiri mchana tu. Uliza hali ya usalama wiki hiyo hiyo unayosafiri, usitegemee habari za mwaka jana. Kitambulisho kikae mfukoni, kisiwe ndani ya begi lililofungwa chini ya basi.

Mbajuni wa Eastleigh

Ahsante mleta mada. Hayo ya maji niachie mimi, maana ndiyo yanayowaponyoka wageni wa bara.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hukawia kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua: hujaa sana na kukupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Shika kanuni hii ya pwani yetu: siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji hujaa karibu na saa nne. Ukijua umri wa mwezi tu, umeshajua nusu ya ratiba yako.

Mfano ni Takwa. Huo ni mji wa mawe ulioachwa karne ya 17, upo Manda, na kinachowavuta watu ni msikiti wake wenye nguzo juu ya kibla na kaburi la nguzo. Njia ya boti ni mkono wa bahari unaopenya kwenye mikoko, na hupitika maji yakiwa juu. Ingia muda wa saa mbili kabla hayajajaa, na uwe umetoka kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu yajae. Ukichelewa, boti hukaa juu ya tope, na hapo hakuna wa kulaumiwa: mtasubiri maji yarudi, na mbu wa mikokoni wanajua kazi yao. Kwa anayetaka kwenda asubuhi na kurudi kula mchana, siku za nusu mwezi ndizo zake. Siku za bamvua ni safari ya alasiri.

Kutoka mjini hadi Shela ni kilomita tatu hivi kwa miguu, kama dakika 40. Maji yakiwa mbali unapita ufukweni kwa raha. Yakijaa hufika ukutani, basi pita njia ya ndani au panda boti. Ufukwe wa Shela una urefu wa kilomita 12 hivi, usitegemee kupata waokoaji, na ile kona ya mkondo baina ya Lamu na Manda huvuta kwa nguvu maji yanapotoka. Ogeleeni maji yakiwa yanaingia, tena mbali na kona. Yale matuta ya mchanga nyuma ya ufukwe ndiyo yanayoshika maji ya mvua na kulisha visima vya mji, kwa hiyo usiache taka huko hata ganda la chupa.

Upepo nao: kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Anayetaka kutazama matumbawe ya Manda Toto aende wakati huo. Kusi hukaza katikati ya mwaka, maji huchafuka, na nje ya mkondo mawimbi huwa makubwa. Ndani ya mkondo bado unaweza kutweka tanga bila shida.

Mwana wa Komarock

Mbajuni, na kukodi mashua? Bei zinatajwa tofauti kila gati.

Mbajuni wa Eastleigh

Patana bei ya chombo kizima, si ya kichwa, kisha taja mambo manne kabla ya kukubali: mtakwenda wapi, mtarudi saa ngapi, chakula na maji ya kunywa vimo au havimo, na petroli ni ya nani upepo ukikatika. Hili la petroli ndilo linaloleta ugomvi. Kurudi dhidi ya upepo ni kwenda bisha, chombo hupinda huku na huku na muda huongezeka mara mbili au zaidi, ndipo nahodha huwasha mashine. Omba kuyaona maboya ya kuvaa kabla hujapanda, uyahesabu, na la mtoto ulipime mwilini mwake. Pesa yote lipa mkirudi. Ukilipa kianzio, kiwe cha kununulia chakula tu.

Chomboni, foromali, yaani ule mti unaoshika tanga, ikigeuzwa inamisha kichwa na uhame upande unaoambiwa. Uzito wa watu ni sehemu ya kukiweka chombo sawa.

Mama wa South B

Nimesoma ya bahari, sasa tuje mezani. Wanangu, mtu anafika Lamu halafu anaagiza chipsi! Asubuhi kula mahamri na mbaazi za nazi. Jioni tembea mitaani ununue mishkaki, viazi vya karai, mkate wa mofa ukiwa bado moto, umalizie kwa kahawa chungu na tende au kipande cha halua. Mchana omba samaki wa kupaka, lakini agiza asubuhi. Mapishi yake hayaharakishwi, na ukimletea mpishi njaa ya saa saba atakupa samaki wa kukaanga aliyemwagiwa mchuzi juu.

Niwape namna yake, mjue mnacholipia na muweze kukipika hapa Nairobi. Samaki mzima wa kilo moja, changu au tewa, wa City Market anafaa. Mchanje mara tatu kila upande hadi mfupa. Mpake kijiko kidogo cha chumvi, punje sita za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi vilivyotwangwa, pamoja na ndimu moja, akae saa moja. Mchome kwenye makaa yasiyo na mwali hadi akaribie kuiva.

Kando, tia sufuriani vikombe viwili vya tui zito, yaani nazi mbili, nusu kijiko kidogo cha bizari ya manjano, pilipili mbichi mbili na chumvi. Moto uwe mdogo, koroga bila kuacha hadi lianze kushika mwiko. Ukwaju, kama gramu 40 uliolowekwa kwenye nusu kikombe cha maji na kuchujwa, uingie mwisho. Ukitangulia, au moto ukiwa mkali, tui hukatika, mafuta yakaelea juu na chenga zikabaki chini. Paka samaki, mrudishe kwenye makaa, geuza, paka tena, mara tatu. Tui jepesi halishiki, linadondoka na kuzima makaa. Linalobaki mwagia juu.

Mwana wa Komarock

Mama, mbaazi hapa Nairobi zinakataa kuiva. Shida ni nini?

Mama wa South B

Shida ni mwinuko, mwanangu. Tuko juu ya mita 1,700, na maji hapa huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Lamu. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha pika kwenye sufuria ya presha. Nyanya, ndimu na ukwaju visiingie kabla mbaazi hazijalainika, maana uchachu huzifanya zikaze. Tui jepesi huingia zikiwa laini, zito likafuata mwishoni kwa moto mdogo.

Mahamri nayo husumbuliwa na baridi yetu. Nusu kilo ya unga, gramu 100 za sukari, kijiko kidogo kimoja na nusu cha hamira, kimoja cha iliki, na kikombe kimoja hivi cha tui la vuguvugu. Kanda dakika kumi na tano. Pwani huumuka kwa saa moja, lakini Nairobi ya Julai ngoja mbili au zaidi. Sukuma unene wa nusu sentimita. Yakishaingia kwenye mafuta, yamwagie mafuta ya moto juu kwa kijiko, ndipo yatavimba. Ukisukuma membamba mno yatakuwa chapati.

Mwalimu, Pangani

Kuhusu mji wenyewe. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Tembelea Ngome iliyokamilika mwaka 1821, kisha nyumba ya makumbusho ya Kiswahili. Ukiwa ndani tazama upana wa vyumba: ni virefu lakini vyembamba, karibu mita mbili na nusu hadi tatu. Sababu iko juu ya kichwa chako, dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa zaidi ya hiyo huku imebeba chokaa na mawe. Ukutani kuna vidaka, yaani vishubaka, vilivyonakshiwa, na mlangoni daka, yaani ukumbi mdogo wa nje, lenye viti vya mawe, ambapo mgeni alipokelewa bila kuingia kwa wenyewe. Mpaka leo usipite daka la mtu bila kuitwa.

Ukichoka na mji, nenda Matondoni upande wa pili wa kisiwa, uone vyombo vikiundwa na makuti yakisukwa.

Adabu ni chache. Salimia kwanza, ndipo uulize njia. Mitaani funika mabega na magoti, nguo za kuogelea ni za ufukweni. Usipige picha ya mtu bila ruhusa yake, hasa akina mama. Punda aliyebeba mawe hana pa kukwepea, wewe ndiye unayejibana ukutani. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi za chakula hufungwa mchana, lakini usiku mji mzima huwa mezani.

Dada wa Umoja

Na Maulidi? Tunataka kwenda kikundi.

Mbajuni wa Eastleigh

Maulidi ya Lamu ni ya Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, na kilele chake huwa siku za mwisho za mwezi huo, Msikiti wa Riyadha ukiwa ndio kitovu. Kuna zefe, yaani maandamano ya kuimba, mashindano ya punda, ya kuogelea na ya majahazi. Kalenda ya mwezi hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo tarehe za mwaka jana hazikufai. Ulizeni Riyadha au makumbusho ya Lamu kabla ya kulipia treni. Kikundi cha zaidi ya watu sita kitafute nyumba nzima, si vyumba, na kifanye hivyo miezi kabla, kwani wageni hutoka pwani yote ya Afrika Mashariki na hulala hata kwa jamaa wa jamaa zao.