Kulipisha kadi kila mwezi tukiwa Lubumbashi: benki ya hapa, Stripe ama M-Pesa?

Mwalimu_Kamalondo
Jambo ndugu zangu. Ninauza masomo ya Kiswahili ya video kwa watoto wa Wakongomani walioko Ubelgiji, dola 5 kwa mwezi. Mpaka leo wazazi wananilipa kupitia ndugu zao wa hapa. Wiki iliyopita nilipanda mpaka Katuba kufuata dola 10, kumbe noti ina mpasuko kidogo pembeni. Wauzaji watatu wameikataa, bado ninayo. Ninataka kadi ya mzazi ikatwe yenyewe kila mwezi. Nani ameshafanya, na kwa njia gani?

Fundi_Golf
Yaya Mwalimu, Stripe, kampuni ya Marekani ya kupokea malipo ya kadi mtandaoni, haifungulii akaunti biashara iliyosajiliwa Kongo. Wenzetu wanapitia Stripe Atlas, huduma yao ya kusajili kampuni: dola 500, unapata kampuni ya Delaware, jimbo la Marekani, kisha unafungua akaunti ya benki ya Marekani. Wanakata angalau asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila malipo, na kadi isiyo ya Marekani inaongezewa asilimia 1.5. Kwa malipo ya kujirudia sijashika chombo kinachoizidi Stripe. Kadi ikikataa leo kwa kukosa salio, Stripe inajaribu tena baada ya siku kadhaa na kumwandikia mzazi. Namba ya kadi haikai kwako hata siku moja, na hilo peke yake linakuondolea mzigo mzito.

MamaHesabu
Gharama haziishii kwenye zile dola 500. LLC ya Delaware, yaani aina ya kampuni ndogo, inadaiwa dola 300 kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Juni kupita, hata kama hukuuza kitu. Ikiwa ni ya mtu mmoja asiye Mmarekani, kuna fomu 5472 ya kodi ya Marekani, ya kila mwaka, na faini ya kutoijaza inaanzia dola 25,000. Kijana mmoja wa hapa aliambiwa na wakala wake kwamba asiye na mapato Marekani hana karatasi ya kujaza. Alikuja kwangu na barua mkononi, analia. Mwalimu, nakuomba: tafuta kwanza mtu wa kukujazia fomu hiyo, ndipo usaini.

Halafu tazama dola 5 zako. Asilimia 4.4 (2.9 na 1.5) ni senti 22, ongeza 30, zimeondoka senti 52. Zaidi ya sehemu moja ya kumi! Kwa mwaka mzima mtoto mmoja anakugharimu dola 6.24. Ukimlipisha mzazi dola 60 mara moja, ni dola 2.94 tu. Kinachokula pesa yako ni zile senti 30.

Bwana_Kasumbalesa
Mimi nina mkataba na benki moja ya hapa mjini. Walitaka RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa kitaifa) na namba ya kodi, na baada ya muda mrefu ukurasa wa malipo ukafunguka. Visa inapita vizuri, dola zinaingia kwenye akaunti yangu hapahapa. Lakini kila mwezi mteja anaandika upya namba zote za kadi! Hilo hawakunieleza siku ya kusaini. Kwa hiyo uliza swali moja kabla ya yote: malipo ya pili nitaweza kuyaanzisha mimi, mteja akiwa amelala? Wakisema hapana, umenunua duka, hukununua malipo ya kila mwezi. M-Pesa na Airtel Money ni hivyohivyo: ujumbe unafika kwenye simu, mteja anaweka PIN mwenyewe. Kwa wazazi wa hapa inatosha kabisa, kwa wa Brussels haisaidii.

Fundi_Golf
Mama, kuhusu mwaka mzima sikubaliani. Mzazi asiyekujua hatoi dola 60 siku ya kwanza. Na akisahau alilipia nini, kwa kawaida ana siku 120 za kudai pesa yake kwa benki yake. Stripe ya Marekani inakutoza dola 15 kwa dai moja. Weka jina la masomo kwenye taarifa ya kadi, na mwandikie mzazi siku chache kabla ya kukata.

MamaHesabu
Hapo umesema kweli. Basi alipishe kwa muhula: dola 15 kila miezi mitatu, makato senti 96. Nyongeza moja: video zilizorekodiwa ukiziuzia watu wa Ubelgiji zina TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 21 kuanzia mauzo ya kwanza, hata wewe ukiwa nje ya Ulaya. Paddle, kampuni nyingine ya malipo ya mtandaoni, anauza kwa jina lake na kuilipa TVA mwenyewe, lakini anachukua asilimia 5 na senti 50, na si kila nchi ya muuzaji anaikubali. Soma orodha yao kwanza.

Mwalimu_Kamalondo
Aksanti sana. Muhula wazazi watauelewa bila maelezo, ndivyo wanavyolipa shule. Jumatatu ninaenda benki na swali la Bwana Kasumbalesa likiwa limeandikwa, na jibu ninalitaka kwa maandishi pia. Wakikataa, Mama, nitakuja kwako na ile fomu 5472 kabla sijatoa hata dola moja ya Atlas.