Polistirini yenye mpira inajikunja chini ya FIB (mwale finyu wa ioni unaochonga sampuli): kosa ni mkondo wa mwale, au ni jukwaa la sampuli kutopoozwa?

mkato_wima:
Wakuu, salaam. Sampuli ni polistirini iliyoimarishwa kwa chembe za mpira wa polibutadieni. Zinahitajika kazi mbili: uso wa mkato wenye upana wa mikromita 20 na kina cha 10 kwa ajili ya SEM (hadubini ya elektroni inayotazama uso), na lamela, yaani kipande chembamba, ya TEM (hadubini ya elektroni zinazopenya sampuli), yenye unene wa nanomita 100 hivi. Mwale ni wa ioni za galiamu, kilovolti 30. Mpangilio wa sasa: mpako wa dhahabu nanomita 10, platini ya kukinga uso mikromita 1 iliyowekwa kwa mwale wa ioni moja kwa moja, kuchimba kwa nanoampia 6.5, kusafisha kwa nanoampia 1.

Yanayotokea ni haya: uso una michirizi ya wima kama pazia, kingo za mpira zimetambaa, na lamela inajikunja ikifika nanomita 300. Je, dawa ni jukwaa la baridi?

joto_kwanza:
Kabla ya baridi, piga hesabu ya joto. Kilovolti 30 mara nanoampia 1 ni mikrowati 30. Polistirini hupitisha joto kiasi cha wati 0.15 tu kwa mita kwa kelvini. Kwenye bonge zima, mwale ukitembezwa juu ya eneo la mikromita 10, joto lina njia nyingi za kutokea na uso unapanda nyuzi kumi hivi. Kwa nanoampia 6.5 zidisha: unapata nyuzi 65, na polistirini hulainika karibu na 100. Kwa hiyo mkondo huo usiusogeze karibu na uso wa mwisho. Acha angalau mikromita 3.

Lamela ni habari nyingine kabisa, kwa sababu ni ukuta, na joto linatoka kupitia ncha mbili tu. Chukua ukuta wa upana wa mikromita 10, kimo cha 5, unene wa 1. Mikrowati 30 zikitua katikati, hapo panapanda nyuzi kama 100. Hiyo ni hali mbaya kuliko zote, maana sehemu ya mwale hupita kando, lakini inaonyesha kwa nini inajikunja. Kwa pikoampia 50 ukuta uleule unapanda nyuzi 5. Ukipungua hadi nanomita 200, nyuzi 25. Hapo bado uko salama.

Hivyo: chimba kwa nanoampia 1 hadi 3, sogea kwa pikoampia 300, unene ukiwa chini ya mikromita 1 tumia pikoampia 100, chini ya nanomita 500 tumia 50. Malizia kwa kilovolti 5 halafu 2, ili kupunguza tabaka lililoharibiwa na galiamu. Usikonde lamela yote. Konda dirisha la mikromita 4 katikati na uache kingo nene pande zote mbili. Zinashikilia umbo na zinatoa joto. Muda wa mwale kwenye kila pikseli uwe mfupi, mizunguko iwe mingi.

Na platini yako imeanza vibaya. Ioni za kilovolti 30 hupenya makumi ya nanomita ndani ya polima kabla platini haijafunika. Weka kwanza nanomita 200 kwa mwale wa elektroni, ndipo uongeze kwa ioni.

pazia:
Naongezea kuhusu michirizi. Chanzo chake kiko juu, si usoni: kila kinundu kwenye sehemu ya juu huchora mstari chini yake, na kila chembe inayochimbika kwa kasi tofauti na jirani yake hufanya vivyo hivyo. Sawazisha sehemu ya juu kwa mikrotomu (kisu cha kukata tabaka nyembamba), nenepesha platini hadi mikromita 2, na wakati wa kusafisha pindua sampuli nyuzi 5 upande huu na 5 upande ule.

Angalia pia elektroni zako. Watu hulaumu ioni kwa uharibifu ambao elektroni za kupigia picha ndizo zimeuleta. Elektroni za kilovolti 5 huingia karibu mikromita 1 ndani ya polima, za 2 huingia nanomita 200 hivi, za 1 nanomita 70. Tazama kwa kilovolti 1 hadi 2, na urekebishe fokasi pembeni, si mahali utakapopiga picha.

mkato_wima:
Asanteni sana. Na kutia rangi kwa kemikali ya osmiamu tetroksidi kabla ya kukata?

baridi_kali:
Ndiyo, kwa mpira huu inafaa mno. Hushika vifungo maradufu vya polibutadieni, kwa hiyo mpira unang'aa kwenye picha ya elektroni zinazorudi nyuma na unakuwa mweusi kwenye TEM. Vilevile hukaza mpira, kwa hiyo unatambaa kidogo. Ila husogea polepole ndani ya polistirini. Kata mahali rangi imefika, si chini zaidi. Chembe zilizoshika osmiamu huchimbika tofauti na polistirini, basi tarajia michirizi zaidi. Fanya kazi hiyo ndani ya kabati la kufyonza hewa tu. Mvuke wake huharibu macho.

Jukwaa la baridi ni la hatua ya mwisho, ikiwa mpira bado unatambaa. Lazima ushuke chini ya nyuzi −90 ili mpira wenyewe ugande kama kioo; −120 hadi −140 ni sawa. Baridi haizuii minyororo ya polima kukatwa na mwale. Weka platini kabla ya kupoza, kwa sababu kwenye sampuli baridi gesi inayoleta platini huganda kila mahali. Mtego wa baridi (bati linalonasa mvuke ndani ya chemba) uwe baridi kuliko sampuli, la sivyo barafu itatua usoni. Na pasha sampuli ndani ya ombwe kabla ya kufungua chemba.

mkato_wima:
Swali dogo la mwisho: chembe zinaonekana bapa, kama zimekandamizwa kwa kwenda chini. Ni joto pia?

pazia:
Hapana, ni pembe. Kama nguzo zako mbili, ya elektroni na ya ioni, zina pembe ya nyuzi 52 kati yake, kimo cha uso wa mkato kinaonekana kifupi. Gawanya vipimo vya wima kwa 0.79, au washa marekebisho ya mwinuko kwenye programu. Usifanye yote mawili kwa pamoja. Zikibaki bapa baada ya hapo, ndipo uulize kuhusu joto.