Tupeane uzoefu: joto hili na bahari yetu ya Mombasa

Mwana wa Kuze: Jana baada ya alasiri nilitandika mkeka barazani nikashindwa kuketi, kwa jinsi jiwe lilivyokuwa likiunguza, nikamkumbuka marehemu bibi aliyekuwa akilala papo hapo kaskazi ikivuma. Aliye na kisa chake na akilete.

Mjukuu wa Nahodha: Mwaka 1998 nilikuwa kijana, nikizamia upande wa Nyali. Siku moja nilichungulia chini nikaona matumbawe yamekuwa meupe kama mifupa iliyoanikwa, nasi tukamshuku jirani mmoja kuwa amemwaga sumu, masikini, naye hakuwa na habari. Baadaye ndipo tulipoelezwa kwamba maji yakizidi joto, vijimea vinavyoyapa matumbawe rangi na chakula huyahama, na joto likidumu matumbawe hufa. Dema letu la kutegea samaki liliinuka na tafi wawili tu.

Bi Shungi: Hayo ya tafi ni kweli kabisa.

Mzee wa Bondeni: Huo ulikuwa mwaka wa El Nino, lile joto la Bahari ya Pasifiki lijalo kila baada ya miaka kadhaa, na El Nino ilikuwapo kabla ya magari. Dunia imepoa na kupata joto mara nyingi, kwa kudra ya Mola.

Msomi wa Tudor: Shikamoo, mzee wangu. El Nino huja ikaondoka, lakini siku hizi huikuta bahari imeshapata joto. Kabla ya viwanda, hewa ya kaboni, inayozuia joto lisitoke duniani, ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni ya hewa. Leo imepita 420. Lau jua ndilo lingekuwa chanzo cha joto hili, tabaka za juu za anga zingepata joto pia, ilhali zinapoa.

Mzee wa Bondeni: Marahaba. Basi moshi huo wa kaboni ni wa nani? Afrika nzima haitoi hata sehemu 5 katika kila 100, na wewe waja kunihesabia jiko langu la makaa!

Mama wa Mikindani: Mnabishana juu ya kaboni, mimi nawaambia la Novemba 2023. Saa nane za usiku niliteremsha mguu kitandani ukaingia majini. Nilimpandisha mama mkwe juu ya meza, naye akakataa katakata kushuka bila buibui lake, nami natafuta buibui gizani huku jokofu linaelea na kugonga mlango kama mgeni. Cherehani, ambayo ndiyo riziki yangu, ilikuwa imezama hadi gurudumuni.

Bi Shungi: Subhanallah! Na buibui lilipatikana?

Mzee wa Bondeni: Huo ni mtaro uliozibwa na chupa za plastiki. Msiisingizie dunia.

Msomi wa Tudor: Yote mawili, mzee. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo mvua hushuka kwa kishindo. Mtaro ulioziba humalizia kazi.

Mjukuu wa Nahodha: Na mikoko iliyokatwa kuchomwa makaa je? Ipandwe.

Bi Shungi: Pandeni mwarobaini uani, kivuli chake hakina mfano.

Mwana wa Kuze: Wa kwetu ulipasua birika la maji. Nunueni pangaboi.

Mzee wa Bondeni: Hamieni Wundanyi, kule milima ya Taita kwenye baridi, mkalale na blanketi.

Mwana wa Kuze: Mama wa Mikindani, na cherehani je?

Mama wa Mikindani: Fundi aliitengeneza. Yashona, ila ikifika kwenye pindo hulia kama chura. Buibui tulilikuta juu ya kabati.