Naomba ushauri: kontena lilelile linarudi bandari ya Kilindini, ufunguo unagongana

Hamjambo wadau. Nachora mchoro wa entiti na mahusiano (ramani ya majedwali ya hifadhidata na yanavyounganishwa) wa godauni moja hapa Shimanzi, Mombasa. Hati moja ya shehena huwa na makontena kadhaa, na kontena la mzigo mchanganyiko hubeba hati za wateja wengi, kwa hiyo nimeweka jedwali la kati, HATI_KONTENA, lenye idadi ya vifurushi na uzito. Hapo sina neno.

Shida ni ufunguo mkuu wa jedwali la KONTENA, yaani thamani inayotambulisha kila rekodi na isiyoruhusiwa kujirudia. Nimetumia namba ya kontena (herufi 4, tarakimu 7), lakini lilelile hurudi na meli nyingine na rekodi mpya inakataliwa. Nikiongeza namba ya safari, ufunguo mrefu unaburutwa hadi HATI_KONTENA.

Je, nitenge entiti ya UJIO_WA_KONTENA yenye namba yake ya mfululizo? Na namba ya sili (lakiri ya mlango wa kontena) ikae huko, au kwenye KONTENA?