"MAJI UTALETEWA, KUSOMA TUACHIE SISI." JAMANI, MMEISIKIA HII?

MtungiWa20
Wakuu, mheshimiwa mwenyewe mnamjua, hata kunguru wa paa la ukumbi wanamjua. Kikao cha Bunge cha kuchukua maoni ya wananchi, miswada mitatu mezani, wa maji, wa stima na wa uchaguzi, halafu dakika mbili kwa kila mwananchi. Mbili! Ukisafisha koo moja imekwisha, ukisema "asante mwenyekiti" kengele inalia.

Mama wa kioski cha maji akasimama, akauliza kwa adabu zote: ni kifungu gani kinachogusa bei ya mtungi? Mheshimiwa akacheka hadi glasi zikagongana mezani, kisha mbele ya kamera akasema: "Mama, maji utaletewa, kusoma tuachie sisi."

Kusoma tuachie sisi! Mama huyo anajua uniti moja ya maji ni lita 1,000, mitungi 50 ya lita 20. Akiuza mtungi shilingi 5, anaingiza 250 kwa uniti, kabla ya bili na kabla ya maji yanayomwagika kwa bomba bovu. Hesabu hiyo anaipiga alfajiri mheshimiwa akikoroma kama jenereta.

Kifungu cha 118 cha Katiba ya Kenya kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Hakikusema liwacheke. Pingeni yote mitatu! Maji utaletewa... na nani?

JiweLaPembeni
Aya zote hizo za hasira na hujasema mtu apinge vipi. "Pingeni" ni upepo, na Karani wa Bunge hapokei upepo. Umesoma kifungu hata kimoja wewe?

MtungiWa20
Mama amechekwa mbele ya nchi nzima, wewe unanisahihisha mimi?

KaraniMstaafu
Ndugu zangu, hasira ni haki yenu, lakini iandikeni. Na mswada wa marekebisho usomeni kuanzia nyuma. Huku mbele mtakuta "futa maneno haya, weka haya" na hamtaambulia kitu. Kurasa za mwisho ndizo zenye vifungu vya sheria ya sasa vinavyotaka kubadilishwa. Viwekeni pembeni ya mapendekezo, mstari kwa mstari, ndipo mtaona kilichonyofolewa.

Kabla ya hapo kuna maelezo ya madhumuni. Hapo someni mambo matatu: kama mswada unampa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, kama unagusa kaunti, na kama ni mswada wa fedha. La kaunti ndilo hurukwa sana. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti huduma za maji na usafi, pamoja na usambazaji wa umeme. Mswada wa maji ukidai haugusi kaunti, hiyo peke yake ni hoja nzito, kwa sababu usipogusa kaunti hauendi Seneti, inayowakilisha kaunti.

Kwenye maoni, kila kifungu kipate mistari minne: namba, maneno yalivyo, maneno mnayotaka, sababu. Barua moja kwa kila mswada. Mkichanganya maji na kura katika karatasi moja, itafika kwa kamati moja na nyingine haitaiona. Tangazo la gazetini lina siku na saa ya mwisho, aghalabu saa kumi na moja jioni. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo.

Wala msijipe moyo kwamba mahakama itarekebisha baadaye. Mahakama ya Rufaa iliiangusha Sheria ya Fedha ya 2023 tarehe 31 Julai 2024, na ushirikishaji wa umma ulikuwa hoja kubwa. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo.

JiweLaPembeni
Huyu ndiye angefungua uzi.

FundiMita
Niongeze la maji na stima, maana ugonjwa ni mmoja. Tafuteni maneno yanayoruhusu mkataba wa kununua kwa jumla kutoka kwa mwekezaji, kisha muulize: analipwa kwa kilichotumika au kwa kilichokuwa tayari kutumika? Akilipwa kwa kuwa tayari tu, mvua ikinyesha na watu wakakinga maji ya mabati, bili yake iko palepale na itagawanywa kwa wateja. Kwenye stima mikataba ya namna hiyo tunayo, malipo ya uwezo wa mtambo yanakwenda hata umeme usipochukuliwa.

Someni meseji ya tokeni za stima: gharama ya mafuta, fedha za kigeni, mfumuko wa bei, tozo ya umeme vijijini, VAT asilimia 16. Hata tozo ya maji imo, kwa ajili ya umeme wa mabwawa. Mswada ukiruhusu tozo mpya bila kutaja kiwango cha juu kabisa, andikeni kiwango kitajwe ndani ya sheria yenyewe.

MtungiWa20
Kusoma tuachie sisi, anasema!

WakalaKituoni
Wa uchaguzi mnaupita haraka mno. Angalieni kila penye Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo cha kupigia kura. Nani anaijaza, nani anapewa nakala, inabandikwa wapi, na nani anaruhusiwa kuigusa baada ya hapo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema matokeo ya urais yaliyotangazwa kwenye eneo bunge ni ya mwisho. Neno kama "kuthibitisha" au "kurekebisha" likiwekwa ngazi ya juu bila mipaka, pigeni mstari mwekundu. Upande wa kujiandikisha, Kifungu cha 83 kinataka utaratibu umrahisishie raia kupiga kura, usimnyime.

NyundoYaKaunti
Nyinyi mnalia na Nairobi tu. Bunge la kaunti je? Kifungu cha 196 kinalibana vilevile, na mswada wa fedha wa kaunti ndio unaopanga ada ya leseni ya hicho kioski, ya soko, ya gari la kunyonya choo. Huko kwetu wametoa nakala moja ya kurasa mia, kwa Kiingereza, imefungwa kamba mezani kama mbuzi!

BintiPwani
Kwetu hata kamba haikuwepo. Fundi, samahani, tokeni za pesa ileile mbona zinapungua?

MtungiWa20
Jamani, tulikuwa tunamzungumzia mama!

FundiMita
BintiPwani, angalia matumizi yako ya miezi mitatu. Tangu Aprili 2023 kundi la bei nafuu ni uniti 0 hadi 30 kwa mwezi. Wastani ukivuka hapo, unapandishwa kundi la hadi 100. Na gharama ya mafuta na fedha za kigeni hubadilika kila mwezi. Linganisha meseji mbili, ya mwezi huu na uliopita, mstari kwa mstari.

BintiPwani
Ya mwezi uliopita nimeifuta.

NyundoYaKaunti
Na gari la kunyonya choo ada imepanda tena, hilo mnalijua?