Projekta moja, vifaa vinne, kelele za watoto: naunganishaje?

Mama Tuse wa Uyole

Wakuu, wanaostahili shikamoo naomba mzipokee, wengine habari za jioni.

Baba watoto anaendesha lori njia ya Tunduma. Mwezi uliopita karudi na projekta iliyotumika, kaipata kwenye ofisi iliyokuwa inabadilisha vifaa. Ni la zamani, zito kama tofali la kuchoma, lakini picha yake siyo ya kitoto. Lina tundu moja la HDMI (waya wake mmoja unabeba picha na sauti), moja la VGA (la picha tu), na vile vitundu vitatu vya njano, nyeupe na nyekundu. Tumepaka rangi nyeupe ukuta wa sebuleni, picha ya harusi ikahamia chumbani. Siku ya kwanza tuliangalia mpira, majirani wakajaa mpaka barazani, nikauza chai na viazi vya kukaanga. Sikatai, nilifurahi.

Shida ni kwamba humu ndani kila mtu ana kifaa chake. Baba anataka king'amuzi. Lusajo ana PlayStation 4. Tuse akija likizo anakuja na laptopu ya chuo. Na mimi nina simu yangu, nina video za kwaya nataka nizione kwa ukubwa unaoeleweka. Projekta iko kwenye shelfu juu ya mlango, mita kama saba kutoka ukutani. Kila anayetaka zamu yake anapanda stuli, anachomoa waya, anachomeka wake. Tundu la HDMI limeshaanza kulegea, na Lusajo ameanguka na stuli mara moja (yeye mzima, stuli ndiyo imevunjika mguu).

Nikaenda Mwanjelwa, sokoni hapa Mbeya, nikamwambia muuzaji nataka kitu cha kuunganisha vifaa vingi kwenye projekta moja. Akanipa kisanduku cheusi chenye matundu matano, shilingi 25,000. Nimefika nimechomeka vyote, ukuta ni bluu tupu.

La pili, sauti. Picha iko mbele, sauti inatoka kwenye kispika cha projekta nyuma ya vichwa vyetu, ndogo kama ya mbu. Sabufa tunayo, iko mbele chini ya ukuta, ina Bluetooth na matundu ya nyekundu na nyeupe jozi mbili.

La tatu ndilo linanitisha: ikifika kama nusu saa, projekta inawaka kitaa chekundu cha TEMP (yaani joto) na kuzima yenyewe. Sasa jamani, Uyole hii, mwezi wa saba, mimi nimejifunga khanga mbili na sweta juu, hiyo projekta inapata joto wapi?

Mnijibu kwa Kiswahili cha nyumbani. Mimi muuza viazi, siyo injinia.

Kabwe Stendi

Mama, uza hilo tofali ununue TV ya inchi 55 upumzike. Umejifungulia kibanda umiza bila kiingilio.

Mama Tuse wa Uyole

Mwanangu, kiingilio ni chai. Kama huna jibu pita tu.

Fundi Redio Mafiati

Mama Tuse, marahaba na pole. Hebu geuza hicho kisanduku usome herufi ndogo pembeni ya matundu. Nina hakika kama ninavyojua jina langu utakuta tundu moja limeandikwa IN na manne yameandikwa OUT.

Kama ndivyo, umepewa spilita. Kazi yake ni kuchukua kifaa kimoja na kukigawa kwenye TV nne. Wewe unataka kinyume chake: vifaa vitatu viingie, kimoja kitoke. Hiyo inaitwa swichi ya HDMI, na iandikwe IN tatu au zaidi, OUT moja. Kwa macho vinafanana kama mapacha, na wauzaji wengi wanavichanganya kwa sababu mteja akisema "kuunganisha" kila mmoja anaelewa lake. Shikilia herufi hizo mbili ukiwa dukani, utakuwa salama. Chukua yenye rimoti. Zipo zinazojihamisha zenyewe kifaa kikiwaka, ila king'amuzi hata ukikizima kwa rimoti kinaendelea kutoa umeme kidogo kwenye waya wa HDMI, basi swichi inang'ang'ania hapo hapo. Ukiwa na rimoti unachagua mwenyewe bila ugomvi.

Sasa pa kuiweka. Usiipandishe juu ya mlango! Iweke mbele, pamoja na sabufa, king'amuzi na PlayStation. Kutoka hapo vuta waya mmoja tu wa HDMI mpaka kwenye projekta, ukutani, juu ya dari, popote. Kwako ukizunguka kona ni kama mita kumi. Waya wa kawaida mzuri unafika hapo kwa picha ya 1080p (ile inayoitwa Full HD), ila wa bei ya kutupa utaanza kukuonyesha vidoti vyeupe au picha inakatika na kurudi. Ukiamua kununua ule wa nyuzi za kioo kwa ajili ya urefu, angalia ncha zake: mmoja umeandikwa Source, unaenda kwenye swichi, mwingine Display, unaenda kwenye projekta. Ukigeuza hupati kitu. Nilishapasua dari ya mteja kwa kosa hilo, nikairudishia kwa hela yangu.

Sauti. Hapa ndipo watu wanapotea kwa sababu wanaipeleka sauti kwenye projekta halafu wanaanza kuihangaikia kuirudisha mbele. Iache mbele. Tafuta swichi ambayo pembeni ina matundu ya sauti, nyekundu na nyeupe au kale ka hedifoni. Picha inaendelea kwenda nyuma, sauti inachepuka hapo hapo kwenda kwenye sabufa, waya wa mita moja umemaliza. Kama swichi yenye matundu hayo hukupata, kuna kidude kingine cha kuchepusha sauti, unakiweka kati ya swichi na ule waya mrefu.

Halafu usinipigie simu kesho kusema king'amuzi hakina sauti! Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya sauti. Ikiwa kwenye Dolby (sauti iliyofungashwa), ibadilishe iwe Stereo au PCM (sauti ya kawaida isiyofungashwa). Hivi vidude vya bei nafuu Dolby havijui kuifungua, vinanyamaza kimya. PlayStation nayo ina sehemu hiyo hiyo, weka Linear PCM. Na kama kidude kina kiswichi kidogo cha 2CH (sauti ya spika mbili) na 5.1 (ya spika sita), sukuma kwenye 2CH.

Bluetooth ya sabufa iache kwa muziki. Kwenye filamu sauti inachelewa, mtu anafunga mdomo ndiyo unasikia neno.

Laptopu ni ya aina gani? Na simu?

Mama Tuse wa Uyole

Fundi ubarikiwe. Nimegeuza. IN moja, OUT nne, vile vile ulivyosema. Nimekaa kwenye kiti nikacheka peke yangu.

Laptopu ni HP EliteBook 840 G1. Tuse anasema ina VGA na HDMI, ila waya wa HDMI hauingii vizuri, inabidi usukume. Simu ni Android ya kawaida, ya chaji ya Type-C.

Fundi Redio Mafiati

ASISUKUME! Hiyo siyo HDMI. Mwambie Tuse aangalie tundu kwa tochi. HDMI imepunguzwa kona zote mbili za chini. La kwake limekatwa kona moja tu, upande mwingine umenyooka. Hilo ni DisplayPort, laptopu nyingi za maofisi za HP na Dell zilizokuja huku kama mitumba zinalo. Anunue adapta ndogo ya DisplayPort kwenda HDMI, kisha waya wa kawaida mpaka kwenye swichi. Sauti inapita humo humo. Kwa VGA ingepita picha peke yake, sauti ungeihangaikia kivyake.

Simu: zipo zinazotoa picha kwa tundu la Type-C, ila nyingi za bei ya kati hazina uwezo huo hata ukinunua waya wa dhahabu. Usitupe hela. Hamishia video za kwaya kwenye flashi, chomeka kwenye laptopu ya Tuse. Au king'amuzi chako kama kinasoma flashi, jaribu hapo kwanza.

La projekta kuzima sijalipatia jibu. Umesafisha filta, kile kichujio cha vumbi?

Mnyalu wa Mafinga

Kamwene, mama. Hilo la kuzima nalijua, lilinitesa miaka miwili nikiwa naonyesha picha za mikutano ya ushirika wetu wa mbao.

Filta asafishe kweli, vumbi la Uyole kiangazi siyo mchezo. Lakini shida kubwa ni mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, Uyole mko juu zaidi kidogo. Hewa ya huku ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Dar. Feni ya projekta inazunguka vile vile lakini inavuta hewa chache, na hewa ndiyo inayobeba joto la taa. Kwa hiyo wewe unatetemeka na sweta lako, na taa ndani inaungua. Baridi ya sebuleni inasaidia kidogo tu.

Watengenezaji wanalijua hilo. Ingia kwenye menyu, tafuta maneno "High Altitude", yanaweza kujificha kwenye ukurasa wa mwisho wa mipangilio. Washa. Vitabu vingi vya projekta vinasema iwashwe kuanzia mita 1,500 hivi. Feni itaongeza kasi na itapiga kelele kuliko zamani, usishtuke. Waliokuwa wanaitumia kama walikuwa Pwani hawakuwahi kuihitaji, ndiyo maana ilikuja imezimwa.

Pia acha nafasi nyuma na pembeni, isibanwe na ukuta wa shelfu. Na umeme ukikatika ghafla, usiwashe haraka unaporudi. Taa ilikuwa ya moto na feni imesimama, ipe dakika kumi au kumi na tano ipoe.

Kwa sauti na picha mimi ningenunua risiva ya sinema ya mtumba yenye HDMI nne, inafanya kazi ya swichi na ya spika kwa pamoja. Lakini Fundi amekupa njia ya bei ndogo, sipingani naye.

Fundi Redio Mafiati

Mnyalu asante, leo nimejifunza. Miaka yote nawalaumu wateja kwa vumbi.

Mama Tuse wa Uyole

Nimerudi na taarifa, ni Jumapili.

Swichi ya IN tatu nimepata, ina rimoti na matundu ya sauti pembeni. Safari hii nilisoma herufi mwenyewe, muuzaji akaniuliza kama mimi ni fundi. Waya wa mita kumi tumeupitisha juu ya mlango ndani ya bomba la plastiki la umeme. High Altitude niliikuta ukurasa wa nne, chini kabisa. Feni sasa inaunguruma kama mashine ya kusaga, lakini jana imekaa saa tatu bila kuzima. Saa tatu! Baba aliishika kwa kiganja kila baada ya dakika kumi kama mtoto mwenye homa.

King'amuzi kilikuwa bubu kweli. Nikaingia, kilikuwa Dolby, nikaweka Stereo, sabufa ikaita mpaka kikombe kikatembea mezani.

Limebaki moja. King'amuzi kikiwa kimechomekwa, sabufa inavuma "mmmmm" muda wote hata kama hakuna anayeongea. PlayStation ikiwa peke yake hakuna mvumo.

Fundi Redio Mafiati

Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, ule unaofungwa kwa kuzungusha, kisha sikiliza. Ukinyamaza umempata mwizi.

Mama Tuse wa Uyole

Umenyamaza papo hapo. Lakini sasa sina chaneli!

Fundi Redio Mafiati

Rudisha waya, tulikuwa tunatafuta tu. Dishi lina njia yake ya kwenda ardhini, na soketi ya nyumba ina njia nyingine ya earth. Njia zikiwa mbili, umeme mdogo unazunguka katikati yake na unapita kwenye waya wa sauti, ndiyo huo mvumo.

Kwanza chomeka vyote vya mbele, sabufa, swichi, king'amuzi na PlayStation, kwenye ekstensheni moja kutoka soketi moja. Projekta nayo ikiwezekana ichukue umeme kutoka upande huo huo. Mara nyingi inapungua sana. Ikibaki, kuna kidude kidogo cha kuzuia mvumo, kinakaa katikati ya waya wa nyekundu na nyeupe, ndani yake kuna vitransfoma viwili vidogo. Wenye redio za magari wanacho, waulize pale Mafiati.

Atakayekuambia uvunje ule mguu mkubwa wa plagi, mfukuze. Mvumo utaisha kweli, lakini siku umeme ukivuja kwenye bodi la chuma atakayeushika ni Lusajo.

Mama Tuse wa Uyole

Ekstensheni moja imetosha. Umebaki mdogo sana, kwaya ikianza hausikiki. Nimebandika plasta kwenye rimoti ya swichi: 1 Baba, 2 Lusajo, 3 Tuse. Mimi sina namba, ila rimoti inalala kwenye mfuko wa aproni yangu.

Kabwe Stendi

Mama Tuse, shikamoo. Kile kisanduku cha IN moja bado unacho? Mimi nina king'amuzi kimoja na TV mbili, ya dukani na ya chumba cha nyuma, nataka zote zionyeshe mechi ile ile. Nakupa elfu kumi.

Mama Tuse wa Uyole

Marahaba. Elfu kumi na tano, na uje Jumamosi kabla ya mpira. Chai ya kwanza bure.